Shajara ya mradi: rekodi za wagonjwa kati ya Likoni na kisiwani

Kwa anayeingia katikati: tunaunganisha rekodi za wagonjwa za vituo vinne vya Mombasa. Kimoja kiko Likoni, kimoja Changamwe, cha tatu ni kliniki ya mama na mtoto huko Kisauni, na cha nne ni hospitali ya kisiwani. Majina yao siyataji. Kila kituo kilikuja na mfumo wake. Viwili vinatumia programu iliyojengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, kimoja kilinunua mfumo wa kampuni, na kilichobaki hadi mwaka jana kilikuwa na rejista za karatasi na kompyuta moja ya kutolea risiti. Lengo letu ni dogo: mgonjwa akipewa rufaa Likoni, daktari wa kisiwani awe ameshaona alivyotibiwa kabla mgonjwa hajashuka feri. Kwa sasa mgonjwa mwenyewe ndiye mtandao. Huja na barua ya rufaa, daftari lake la shule alilolinunua dukani, na mfuko wa nailoni wenye vipimo vya miaka yote.

Februari, wiki ya pili

Ujumbe wa kwanza umetoka Likoni ukafika kisiwani mzima. Tunatumia FHIR, kanuni ya kubadilishana data za afya iliyoanzishwa mwaka 2011 na Grahame Grieve wa Australia, chini ya shirika la HL7 ambalo lenyewe ni la tangu 1987. Uzuri wake ni kwamba faili haliendi kama mzigo mmoja. Linavunjwa vipande: mgonjwa, ziara, kipimo, dawa, chanjo. Kila kipande kina umbo linalojulikana, kwa hiyo mfumo wa kampuni na mfumo wa OpenMRS vinaelewana bila mmoja kulazimika kumwiga mwenzake.

Katika kikao mtu mmoja alisema tena kwamba hii ni teknolojia ya watu wa nje. OpenMRS ilizaliwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa watu wa Indiana, Marekani, na watu wa Eldoret, na kabla yake kulikuwa na mfumo uliokuwa ukitumika Mosoriot, karibu na Eldoret, tangu 2001. Nusu ya ukoo wake ni wa hapahapa Kenya.

Majina ya magonjwa tumeyamaliza haraka kuliko nilivyotarajia. Ugonjwa mmoja ulikuwa umeandikwa "presha", "BP", "HTN" na "high blood", wakati mwingine na mtu yuleyule siku ileile. Sasa yote yanaangukia BA00 ya ICD-11, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, au I10 kwa mfumo ambao bado uko kwenye ICD-10. Ni kazi ya kuchosha lakini haina fumbo.

Februari, mwisho wa mwezi

Stima. Sina mengi ya kusema kuhusu stima ambayo mkazi wa Mombasa hayajui. Kila kituo kimepata kompyuta ndogo inayohifadhi rekodi zake yenyewe na kuzituma mtandao ukirudi. Kuna mjumbe aliyetaka kila kitu kikae kwenye seva ya mbali. Tulimkumbusha tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima, Mombasa ikiwemo, ingawa nyaya zenyewe zinatua hapa kwetu. Hoja ikaisha.

Machi, wiki ya kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo. Likoni wametuma rekodi ya Khadija Omar. Kisiwani kuna Hadija Umar, Khadija Omari, na Hadija Omari Ali, na umri wao wote unakaribiana. Ni yupi? Ni wote? Hakuna hata mmoja?

Wadenmark walijiondolea swali hili mwaka 1968 walipompa kila mkazi nambari ya CPR yenye tarakimu 10. Uingereza wana nambari ya NHS, huduma yao ya afya ya taifa, nayo tarakimu 10. Wamarekani waliandika katika sheria ya HIPAA ya 1996 kwamba kila mgonjwa apewe nambari yake, kisha Bunge lao likakataza fedha za serikali kutumika kuitekeleza, na hospitali zao hadi leo hulinganisha majina na tarehe za kuzaliwa kama tunavyofanya sisi. Hilo huwa nalisema kila ninapoambiwa tatizo hili ni la nchi maskini.

Sisi tuna kitambulisho, lakini kitambulisho ni cha aliyefika miaka 18, na kliniki ya Kisauni karibu wagonjwa wake wote ni watoto. Tena pwani hii wako watu waliozaliwa hapa, wakazeeka hapa, bila kipande hicho. Wamakonde walianza kupewa vitambulisho mwaka 2017. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023. Mzee wa Kipemba mwenye sukari hakuanza kuugua siku aliyotambuliwa. Faili lake ni la zamani kuliko nambari yake, kama anayo.

Nambari ya simu nayo haisaidii sana. Simu ni moja, nyumba ni ya watu sita, na laini inabadilika bandeli za mtandao mwingine zikiwa nafuu.

Kwa hiyo tunarudi kwenye majina. Programu ya kulinganisha tuliyoipakua ilikuja na Soundex, mbinu ya kulinganisha majina kwa sauti yake, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918. Inabakiza herufi ya kwanza, inatupa irabu, na konsonanti tatu zinazofuata inazigeuza tarakimu. Nilikaa na dada wa rekodi wa Likoni tukayapitisha majina ya mtaani mmoja mmoja, na mapema tu tukaanza kucheka. Mohamed, Muhammad na Mohammed vyote vinatoa M530, vizuri sana. Mahmoud naye M530. Khadija anatoa K320, Hadija H320, kwa hiyo jina moja limekuwa watu wawili. Omar ni O560, Umar ni U560. Halafu nikaandika Kadzo, jina la Kimijikenda lisilohusiana kabisa na Khadija. K320.

Kilichotumaliza ni Abdul. Abdalla, Abdulrahman, Abdulaziz, Abdilatif, wote ni A134, kwa sababu tarakimu zinaisha kabla jina halijafika mahali linapotofautiana. Nusu ya msikiti imekuwa mtu mmoja. Dada alisema, "Kaka, hii mashine haijawahi kufika Mji wa Kale."

Tumeitupa. Badala yake tunaandika kanuni zetu wenyewe kabla ya kulinganisha: "kh" na "h" mwanzoni mwa jina ni kitu kimoja, "o" na "u" zinavumiliana, irabu ya mwisho ya Omari, Salimu na Zainabu haihesabiwi, konsonanti maradufu ni moja, "Abdul" inawekwa pembeni na kilichobaki ndicho kinacholinganishwa. Baada ya hapo tunapima ukaribu wa majina kwa mbinu ya Jaro na Winkler, ambayo inaangalia herufi zote za jina badala ya tatu za mwanzo.

Machi, wiki ya tatu

Mpangilio wa majina. Mswahili huandika lake, la baba, la babu. Fomu inauliza jina la ukoo. Karani mmoja ataweka la babu, mwingine la baba, wa tatu ataweka la kabila. Tukaamua majina yalinganishwe yote kwa pamoja bila kujali lipi limekaa kisanduku gani. Matokeo ya vituo vya Likoni na kisiwani yakawa mazuri mara moja.

Changamwe yakaharibika. Kule wagonjwa wengi ni Wagiriama, na kwa Wagiriama mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake. Kazungu Charo anamzaa Charo Kazungu, ambaye anamzaa Kazungu Charo. Ukiyatazama majina bila mpangilio, baba na mwana ni mtu mmoja. Ukiyatazama kwa mpangilio, babu na mjukuu ni mtu mmoja. Kinachowatenganisha ni tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ya kuzaliwa ya babu ni Januari 1, sawa na ya kila mtu aliyesajiliwa kwa kuulizwa "mzee, una miaka mingapi?" OpenMRS ina sehemu ya kuonyesha kwamba tarehe ni ya kukisia. Mfumo wa kampuni hauna. Kwa rekodi za mfumo huo tumeweka kanuni kwamba Januari 1 haihesabiwi kuwa tarehe. Tunabaki na mwaka tu, na mwaka wenyewe tunaupa nafasi ya kupanda au kushuka.

Sipendi kanuni inayomfaa Mswahili na kumdhuru Mgiriama, wala kinyume chake, lakini siwezi pia kumuuliza mtu kabila lake ili niijue kanuni ya kumtumia. Tumeacha mbinu zote mbili ziendeshwe sambamba. Zikikubaliana, vyema. Zikipingana, rekodi inaenda kwa mtu wa rekodi aitazame kwa macho.

Machi, Ramadhani ikielekea ukingoni

Rekodi zinazolinganishwa tunazigawa makapu matatu. Mgawanyo huo tumeuchukua kwa Ivan Fellegi na Alan Sunter, watakwimu wawili wa Kanada waliouandika mwaka 1969. Kila sehemu ya rekodi inapewa uzito kulingana na inavyosema: kukubaliana kwa jina Mohamed hapa Mombasa hakusemi chochote, kukubaliana kwa jina adimu kunasema mengi. Alama zikijumlishwa, juu ya kiwango fulani ni mtu mmoja, chini ya kiwango kingine ni watu wawili, na katikati ni kwa ajili ya binadamu.

Mabishano yalikuwa ni wapi pa kuweka kiwango cha juu. Mhasibu wa mradi alitaka kishushwe ili kapu la katikati liwe dogo, kwa sababu lile la katikati hupitiwa na watu wanaolipwa mishahara. Daktari wa kisiwani alikataa, na mimi niko naye. Rekodi mbili za mtu mmoja zikiachwa mbalimbali, tumebaki tulipokuwa jana. Rekodi za watu wawili zikichanganywa, mtu mmoja anapewa penisilini kwa sababu faili linasema haimdhuru, na lililosema hivyo ni faili la mwenzake. Kiwango kimebaki juu. Watu wa rekodi wanalipitia kapu la katikati asubuhi, kabla foleni haijaanza, maana mwezi huu baada ya saa nane mchana hakuna wa kumwomba jambo linalotaka umakini.

Aprili, wiki ya kwanza

Kapu la katikati lilikuwa na jozi ambayo kwa karatasi ilikuwa wazi. Majina matatu yaleyale, mwaka uleule, jina la mama lilelile, ila nambari za simu tofauti. Rekodi moja Likoni, nyingine kisiwani. Mtu wa rekodi, kama tulivyoelekezana, alimuuliza mwenyewe alipokuja. Nayaandika mazungumzo kama nilivyosimuliwa, bila jambo la kumtambulisha.

"Bibi, hizi mbili ni zako?"

"Ni zangu, mwanangu. Lakini ya kule iwache kule."

"Hatutaki kukusumbua, ni ili daktari aone yote."

"Daktari sina neno naye. Wifi yangu ndiye akaaye pale dirishani."

Rekodi ya kisiwani ni ya dawa za kupunguza makali ya VVU. Anapanda feri makusudi. Nauli analipa, foleni anapiga, jua linampiga, ili dirisha la mtaani kwake lisijue. Sasa tuko sisi, na mradi wetu, na tunataka kumletea faili hilo nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo kapu la katikati nalitazama vingine. Programu huhesabu rekodi mbili za mtu mmoja kuwa kasoro ya kusafishwa, na ndivyo vitabu vyote vya fani hii vilivyoandikwa. Kumbe nyingine si kasoro hata kidogo. Ni uamuzi wa mtu aliyepima majirani zake akapanga maisha yake. Watu wa rekodi, nilipowauliza, hawakushangaa. Wanawajua hao wavukaji: wa VVU, wa kifua kikuu, wasichana wa uzazi wa mpango, na mabwana wenye heshima zao wanaotibiwa magonjwa ya zinaa mbali na barza yao.

Aprili, wiki ya pili

Kikao kirefu. Daktari wa kisiwani ana hoja nzito na sitaki ionekane ndogo. Mgonjwa huyo akipata kifua kikuu, kliniki ya Likoni itamwanzishia dawa zenye rifampisini. Rifampisini hupunguza dolutegravir mwilini, na dolutegravir ndiyo iliyomo katika kidonge kimoja wanachopewa wengi wanaotumia dawa za VVU nchini. Katika hali hiyo dolutegravir hupaswa kutolewa mara mbili kwa siku, miligramu 50 kila mara, badala ya mara moja. Kliniki isiyojua haitabadilisha. Kirusi kitaanza kupanda taratibu, na hakuna atakayeona sababu.

Kwa upande wa pili iko sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU, inayokataza kutoa habari za hali ya mtu bila ridhaa yake, na iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayohesabu habari za afya kuwa data nyeti. Sheria ya Afya ya Dijitali ya 2023, ambayo ndiyo inayosukuma nchi nzima kwenye mfumo mmoja, ilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha katiba Julai 2024, kisha Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoniambia nimfanye nini wifi wa dirishani.

Tulichoamua:

Hatufuti wala hatuchanganyi rekodi. FHIR inaruhusu rekodi mbili zibaki mbili, kila moja ikitaja mwenzake, na kiungo hicho kinaweza kukatwa kesho bila kuacha jeraha. Kiungo hakiwekwi mpaka mgonjwa akubali, hata kama alama zimefika kileleni.

Dirisha la mapokezi linaona jina, umri na nambari ya faili la kituo hicho tu. Hili nashangaa kwamba lilihitaji kikao. Mfumo wa kampuni ulikuwa unamwonyesha mtu wa mapokezi kila kitu, na tulipouliza kwa nini, tuliambiwa hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Dawa zinazogombana zinakaguliwa na kompyuta upande wa ndani. Mganga wa Likoni akiandika rifampisini kwa mgonjwa aliyekubali kiungo ila faili lake la pili limefichwa, anaona onyo kwamba kuna dawa inayoweza kugongana nayo na azungumze na mgonjwa faraghani. Haonyeshwi ni dawa gani. Daktari wa kisiwani anasema mganga mwenye akili atakisia. Ni kweli, atakisia. Lakini atakisia ndani ya chumba chenye mlango, naye ana kiapo.

Na uko ufunguo wa dharura, kwa aliyeletwa hajitambui. Anayeutumia anaandika sababu, na kila ufunguzi unapitiwa wiki hiyohiyo.

Mei, masika

Estonia raia huingia kwenye mtandao wa afya wa nchi yake akaona kila aliyelifungua faili lake. Mfumo huo unafanya kazi tangu 2008. Mfadhili alipenda wazo hilo, akapendekeza tumtumie mgonjwa ujumbe wa simu kila faili lake linapofunguliwa mahali pengine.

Watu wa rekodi wakamtazama kwa huruma. Simu ni ya nyumba nzima! Ujumbe unaosema "rekodi yako ya hospitali ya kisiwani imefunguliwa" utasomwa na mume, na mtoto wa miaka kumi ataurudia kwa sauti. Tumeacha ujumbe wa simu kabisa. Mgonjwa akitaka orodha ya waliolifungua faili lake anaiomba dirisha la rekodi, anachapiwa, anaondoka nayo au anaisoma na kuiacha hapohapo. Wanaoiomba ni wachache. Mzee mmoja huiomba kila akija, haisomi, anaikunja na kuitia mfukoni.

Mvua imeharibu kompyuta ya Kisauni. Data zilikuwa zimeshatumwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Imebadilishwa.

Juni, wiki ya kwanza

Muuguzi wa chanjo Kisauni ameleta daftari lake la mkono akaliweka juu ya meza yangu bila salamu. Mtoto Hussein ameandikiwa chanjo ya wiki ya 10 mara mbili. Mtoto Hassan hana hata moja.

Mapacha. Pwani, mapacha wa kiume wakizaliwa katika nyumba ya Kiislamu, majina mara nyingi yameshajulikana. Tarehe ya kuzaliwa moja, mama mmoja, baba na babu mmoja, simu moja, mtaa mmoja, na jina ambalo hata Soundex niliyoitupa Machi ingeliita H250 kwa wote wawili. Kwa mizani ya Fellegi na Sunter hakuna jozi iliyo bora zaidi katika hifadhi yetu nzima. Mama aliulizwa kama rekodi ni za mtoto wake, akasema ndiyo, kwa sababu ni kweli.

Kuna la nyuma zaidi. Chanjo ya BCG na matone ya kwanza ya polio hutolewa mtoto akizaliwa, na jina hupewa siku ya saba. Kwa hiyo rekodi za kwanza zinasema "Mtoto wa Mwanaisha" na "Mtoto wa Mwanaisha", na baadaye mtu huja kubandika majina kwa kubahatisha ni yupi aliyekuwa yupi.

FHIR ina sehemu ya uzazi wa watoto zaidi ya mmoja, ambamo unaweza kuweka namba: wa kwanza, wa pili. Ilikuwapo siku zote, na katika fomu zetu haikuwa imewashwa. Tumeiwasha. Namba zikitofautiana, kiungo hakiwezekani, alama ziwe juu kiasi gani. Namba ikikosekana na mama ana watoto wa tarehe moja, rekodi inakwenda kwa muuguzi wa chanjo badala ya mtu wa rekodi, kwa sababu yeye anawajua kwa sura. Rekodi za Hassan na Hussein amezitenganisha mwenyewe akitumia daftari lake. Kila mmoja sasa ana chanjo yake.

Wiki ijayo tunaanza na wodi ya wazazi ya hospitali ya kisiwani, zamu ya usiku kwanza, ili namba ijazwe pamoja na uzito kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Mkuu wa zamu ameomba isiwe ukurasa mpya, iwe kisanduku kimoja kando ya uzito. Fundi anaihamisha.